Safu ya Mbele

Wasemapo vijana wa leo kwamba sinema ni starehe ya wenye nacho, siwabishii, maana bei naiona. Lakini mimi niliyezaliwa Kimbiji, pwani ya kusini ya Dar es Salaam, nikakulia baina ya minazi na ngalawa, nakumbuka zama ambazo gharama kubwa haikuwa tiketi, bali safari yenyewe: kungojea lori la nazi lipite, kushuka Kigamboni, kuvuka kwa pantoni hadi Magogoni, na kisha, picha ikiisha usiku, kutafuta jamaa wa kukulaza Temeke hata alfajiri. Kabla ya hapo sinema ndiyo iliyokuwa ikitufuata. Gari la serikali likija, shuka jeupe likitundikwa, watu wa vijiji jirani waliketi mchangani wakatazama habari za kilimo bora na za afya, wala hakuna aliyedaiwa hata senti.

Mjini palikuwa na Empire, Empress, Avalon, Odeon, Cameo na New Chox, na katika majumba hayo tiketi zilikuwa na madaraja. Juu roshani waliketi matajiri na aila zao. Nyuma chini, makarani na walimu. Na mbele kabisa, mahali ambapo shingo huuma kwa kutazama juu na nyuso za waigizaji huonekana pana kama tanga, tuliketi sisi wavuvi, wachukuzi wa bandarini na watoto waliodunduliza shilingi zao. Sitaki kuusifu utaratibu uliopanga watu kwa mifuko yao. Ila nasema kwamba mlango ulikuwa mmoja na picha ilikuwa ileile. Alipoimba Raj Kapoor katika Awara, filamu ya mwaka 1951 iliyorudiwa mara nyingi hata tuliofika baadaye tukaidiriki, aliyekuwa roshani na aliyekuwa mbele walihuzunika kwa pamoja, ilhali hakuna kati yetu aliyejua Kihindi cha kutosha kununulia kashata. Zikaja za Bruce Lee, na baada yake Sholay ya mwaka 1975. Siku hizo walanguzi wa tiketi ndio waliotuumiza, maana walizinunua mapema, kisha wakatuuzia kwa bei waipendayo. Nje palikuwa na karanga za kufungwa katika karatasi na mihogo ya kuchoma, na mtu aliingia nazo bila kuulizwa.

Jinsi yalivyokwisha hayo ni kisa ambacho wengi wanakijua. Serikali iliunda Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968, ikataifisha majengo mwaka 1971. Fedha za kigeni zikaadimika, picha mpya zikachelewa, video zikaingia majumbani katika miaka ya themanini, na ITV ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1994 majumba yale yalikuwa yamekwisha kudhoofu.

Yaliyopokea urithi wa safu ya mbele ni mabanda ya video. Tandika, Mbagala, hata kwetu Kimbiji, palitosha kuwa na mabati, mabenchi, televisheni moja na jenereta linalonguruma kuliko bunduki za kwenye picha; kiingilio kilikuwa shilingi 100, pengine 200. Wenye elimu waliyadharau, nami sikuafikiana nao, kwa kuwa humo ndimo DJ Lufufu alipotufasiria filamu za nje kwa Kiswahili chenye mizaha ya mitaani, akawapa wazee wasiojua kusoma kile ambacho Empire haikuwapa kamwe, yaani kuelewa kila neno.

Mjukuu wangu aliposhinda mtihani aliomba nimpeleke sinema, tukaenda katika jengo moja la maduka makubwa. Safari siku hizi ni nyepesi, maana tangu mwaka 2016 Daraja la Nyerere limetuunganisha na mjini. Uzito ulikuwa dirishani. Tiketi moja ilizidi shilingi 10,000, bisi nazo zikakaribia bei hiyo, na chakula cha kutoka nje kilikatazwa. Alhasili, nilikuwa nimetoa mkononi kitoweo cha nyumba nzima kwa siku kadhaa. Nafahamu kwamba kodi ya jengo ni kubwa, kwamba viyoyozi hula umeme, na kwamba sehemu ya kila tiketi huenda kwa wenye filamu huko Marekani. Hata hivyo nikamwuliza kijana muuzaji kama za mbele zina nafuu.

"Shikamoo mzee," akajibu kwa adabu, "bei ni moja popote utakapokaa." Akanigeuzia kioo cha kompyuta nichague, nikaona safu tatu za mbele hazina mtu. Mjukuu akachagua katikati, nikalipa.