Kimya Kina Mwenyewe

Wapenzi wa mpira wa miguu, nasi watu wa visiwani tumo, wana shutuma moja ya kudumu juu ya mchezo ambao Wamarekani wameupa jina hilohilo la futiboli: kwamba hauchezwi. Watu wazima ishirini na wawili, wamevaa kofia ngumu na mabega ya bandia, husimama, huinama, hugongana kwa muda wa kupiga chafya mbili tatu, kisha hurudi kusimama. Shutuma hii si uzushi. Mwaka 2010 gazeti la The Wall Street Journal lilizipima mechi kadhaa za ligi ya NFL kama zilivyoonyeshwa na televisheni, likakuta kwamba katika kipindi cha saa tatu na zaidi mpira ulikuwa hai kwa wastani wa dakika 11 hivi tu. Matangazo ya biashara yalikula karibu saa nzima. Kusimama na kushauriana kulikula zaidi ya saa. Hata marudio ya picha, yaliyofika dakika 17 hivi, yaliushinda mchezo wenyewe.

Mimi ni mtu wa mashairi. Sikusomea ushairi wala tafsiri katika chuo chochote; nilichonacho nimekiokota barazani kwa wakubwa zangu na katika kamusi iliyokwisha jalada. Na jambo la mwanzo nililofunzwa pale barazani, kabla ya vina na mizani, ni kwamba shairi lina mahali pa kunyamaza. Mshororo wa mizani 16 hukatika katikati, ukwapi ukaupisha utao, na mghani asiyejua kutua hapo huliua shairi kabla halijafika kwenye kituo chake. Katika kazi ya tafsiri ndiyo kabisa: maneno huhamishika kwa taabu, lakini huhamishika, kimya kilicho baina yao ndicho kinachogoma mpakani. Kwa hiyo nikiambiwa kwamba mchezo fulani una kimya kingi, siulizi ni kingi kiasi gani. Nauliza ni kimya cha nani.

Mwendo huu wa pole haukuletwa na televisheni. Ulikuwepo kabla ya redio. Mwaka 1880 Walter Camp, aliyekuwa mchezaji wa chuo cha Yale, alifanikisha kanuni mpya: badala ya pande mbili kuugombania mpira kwa kusukumana kama katika raga, upande mmoja ungepewa mpira na kuanza mchezo kwa hiari yake. Mwaka uliofuata Yale na Princeton walionyesha ubaya wa hisani hiyo. Kila upande uliukumbatia mpira kwa nusu nzima ya mchezo, mechi ikamalizika bila kwa bila. Hapo ndipo ilipotungwa, mwaka 1882, sharti la kusonga mbele: yadi tano katika majaribio matatu, la sivyo mpe mwenzio mpira. Tangu mwaka 1912 sharti ni yadi kumi, kama mita tisa hivi, katika majaribio manne. Mshairi hawezi kuisoma kanuni hii bila kutabasamu. Majaribio manne, kama mishororo minne ya tarbia, na la nne ndilo lenye kuamua.

Basi mchezo huu, tofauti na kandanda yetu, si mto unaotiririka. Ni beti. Saa yake husomeka dakika 60, robo nne za dakika 15. Lakini aghalabu huendelea kutembea hali wachezaji wamesimama, na pasi ikianguka chini saa nayo husimama. Baina ya jaribio na jaribio, kwa kawaida, kuna sekunde 40. Katika sekunde hizo washambuliaji hukusanyika duara, vichwa vimeinama, na kwotabeki, mtu anayeliongoza shambulio, huwatajia shauri. Asili ya duara hilo, kama linavyosimuliwa, ni nzuri kupita kiasi kwa mtu wa lugha. Katika miaka ya 1890, katika chuo cha Gallaudet cha viziwi mjini Washington, kwotabeki Paul Hubbard aliwakusanya wenziwe wamzunguke ili wapinzani wasizione ishara za mikono yake. Nayo ilikuwa mipango iliyosemwa bila sauti.

Kimya cha namna hiyo ni mali ya wachezaji, na mtazamaji aliyezoea hukishiriki. Naye anakisia: watakimbia au watarusha? Sekunde nne za mgongano humjibu, na ubeti mwingine huanza.

Televisheni ilipokuja ilizikuta nafasi hizo ziko wazi, ikazitumia kwa namna mbili. Ya kwanza ni marudio. Tarehe 7 Desemba 1963, katika mechi ya Jeshi la Nchi Kavu na Jeshi la Majini mjini Philadelphia, mwelekezi Tony Verna wa CBS alirudisha picha ya goli papo hapo, na mtangazaji ikambidi awaeleze watazamaji kwamba timu ya Jeshi haikufunga tena. Marudio hayo sina ugomvi nayo. Ni kama mwenye kusikia mshororo mzuri akaomba urudiwe. Namna ya pili ni kuuza. Mchezo wenye mapengo mengi ni duka lenye milango mingi, na haikuchukua miaka mingi mapengo ya asili yakawa hayatoshi, yakaongezwa mengine yasiyokuwa ya wachezaji wala ya mwamuzi. Mpira husimama kwa sababu tangazo linataka kupita.

Tofauti ya vimya hivi viwili niliijua kwa bei yake. Novemba 2018 nilikuwa Columbus, jimbo la Ohio, kwa mwanangu wa kiume. Tulikuwa hatujaonana kwa miaka minane. Ndani ya miaka hiyo mama yake alifariki, na yeye hakuja mazikoni wala matangani. Sikumwuliza kwa simu, na nilipofika sikumwuliza uso kwa uso, kwani kuna maswali ambayo baba akiyauliza huwa hukumu. Jumapili moja, ametoka zamu ya usiku katika ghala la vifurushi, aliwasha televisheni akakaa ubavuni pangu, sote tunatazama mbele. Akanifunza kanuni, moja baada ya moja. Kisha mpira uliposimama akasema, bila ya kunigeukia, “Baba, makaratasi yangu yalikuwa hayajakamilika.”

Mpira ukachezwa, ukasimama.

“Ningetoka, nisingeruhusiwa kurudi.”

Ukachezwa, ukasimama.

“Tiketi nilikuwa nimeshaikata.”

Sekunde 40 zinatosha kutamka jambo moja zito, na hazitoshi kulijibu. Kabla sijapata la kusema, wanaume wale walikwisha kugongana, na macho yetu yalikuwa na pa kukimbilia. Katika kandanda yetu, ambapo mpira hauachi kwenda, nadhani asingepata pa kuanzia; na katika chumba kitupu asingethubutu. Kwa robo nzima ya mchezo mwanangu alinipa, mshororo kwa mshororo, habari ya miaka miwili aliyoibeba peke yake. Nami kila mpira ulipoinuka nilipata muda wa kulipokea lile lililosemwa.

Kisha akaanza, “Siku mbili kabla, Mama alinipigia. Aliniambia...” Televisheni ikapaza sauti. Gari la mizigo likapanda mlima, ikaja bia, ikaja dawa ya maumivu ya viungo, na msomaji akiyakimbiza madhara yake kama mwenye kudaiwa. Mwanangu akainuka kwenda kuchemsha chai. Alipokaa tena alizungumzia baridi. Neno la mama yake halikurudi, nami sijalidai.

Siwezi kusema tangazo liliniibia neno hilo. Huenda angelimeza hata hivyo. Lakini nilikiona kimya kikifungua mlango, nikamwona mwenye duka akiingia nao.

Wamarekani wenyewe wanalijua dukuduku hili, na wamelitafutia dawa. Tangu mwaka 2009 kuna RedZone, kipindi cha Jumapili kinachoruka kutoka mechi hadi mechi, kikionyesha timu zilizokaribia kufunga tu. Kwa miaka mingi kilijisifu kwamba hakina tangazo hata moja, na katika msimu wa 2025 nacho kikaanza kuyapitisha. Lakini hata kilipokuwa kisafi, dawa yake ilimwondoa mgonjwa pamoja na ugonjwa. Ni sawa na mtu anayekughania vituo vitupu vya mashairi mia, ukatoka na miisho mingi usiyojua imetoka wapi.

Na msomaji asidhani haya ni ya huko mbali. Desemba 2025 FIFA ilitangaza kwamba katika Kombe la Dunia la 2026 kila nusu ya mchezo itasimamishwa kwa dakika tatu ili wachezaji wanywe maji, liwepo joto au lisiwepo. Maji ni haki ya mwenye kiu. Lakini pumziko linalojulikana kabla ya siku yake, lisilongoja jua wala jasho, ni bidhaa iliyokwisha kufungwa. Kandanda, iliyokuwa haina mlango kwa dakika 45, imetobolewa mlango.

Kwetu sisi wa mashairi mlango huo ulikwishatobolewa. Mwaka juzi nilialikwa katika kituo kimoja cha redio kughani shairi langu la beti kumi na mbili. Kijana wa mitambo, mwenye adabu zake zote, akaniambia, “Mzee, ukimaliza ubeti wa sita tutapisha tangazo la unga, kisha utaendelea.” Nikamwambia tangazo lije kabla au lije baada, hata mara mbili, wala sitanung’unika, maana najua mishahara yao inatoka wapi. Lakini baina ya ubeti wa sita na wa saba nilikuwa nimeweka kitu, nacho ni kimya. Alinitazama, akaangalia karatasi yake, akasema nafasi ile imekwisha kulipiwa. Nikaghani beti sita, nikamshukuru, nikaenda zangu.

Kwa hiyo siungani na wanaoucheka mchezo wa Wamarekani kwa kusimama kwake. Zile sekunde 40 waachieni. Ni zao, na zina kazi. Iliyobaki, saa ile nzima ya matangazo, ndiyo ya kushitakiwa, na sisi tuishitaki mapema, kabla mizani zetu nazo hazijapangiwa bei.