Bibi harusi na mbio za Singida

Sisi wanawake wa Unguja tuliofuata waume zetu Singida tuna kikundi chetu cha mbio. Baada ya Alfajiri tunapita kando ya ziwa Singidani, mitandio tumeifunga barabara, na pumzi zinakata mapema, maana mji uko juu, kama mita 1,500. Si Forodhani huku!

Mwenzetu mmoja anaolewa karibuni. Alitaka kukimbia kwa nguvu kila siku na kula kidogo, gauni limkae. Hedhi ikakatika miezi mitatu. Wapo waliomwambia ana bahati, hakosi sala. Sisi tukampeleka kwa daktari. Mwili unaochoshwa bila kulishwa wala kupumzishwa huweza kuzima mambo ya uzazi, na mifupa nayo hudhoofika.

Tukamtajia mwana wa Singida hii hii, Alphonce Simbu. Aprili 2025 alikuwa wa pili Boston. Septemba akachukua dhahabu ya dunia Tokyo kwa saa 2:09:48, akimpita Mjerumani kwa sekunde 0.03 tu. Kati ya marathoni hizo ilipita karibu miezi mitano. Yeye ambaye mbio ndiyo kazi yake anaupumzisha mwili, seuze bibi harusi?

Sasa Jumanne tunakimbia kwa kasi, Jumamosi masafa marefu, siku nyingine polepole huku tukizungumza. Ijumaa hatukimbii. Na bibi harusi anakula: wali, maziwa, kuku wa kienyeji.

Hedhi imerudi mwezi uliopita. Gauni liko kwa fundi, linaongezwa kidogo kiunoni.