Kanazi: Nani Atamjibu Bibi?

Ukitoka Bukoba mjini kuelekea kusini, njia ya Kanazi inapita kati ya migomba na mibuni. Tulifika baada ya Adhuhuri. Kwa ada ya Wahaya tulikaribishwa kahawa ya kutafuna, tukaketi na bibi mwenye nyumba pamoja na mjukuu wake.

"Tumekwisha swali?" bibi akauliza.

"Tumeswali, bibi."

Punde akauliza tena, na tena. Mara ya nne kijana alijibu kwa upole uleule wa mara ya kwanza.

Kwingineko duniani kazi hiyo imeanza kukabidhiwa mashine. Wajapani wameunda Paro, roboti yenye umbo la mtoto wa sili, inayoitikia ikipapaswa na kuwatuliza wazee wenye maradhi ya kusahau. Mwaka 2022, Jimbo la New York nchini Marekani lilitangaza mpango wa kuwapatia wazee zaidi ya 800 ElliQ, roboti ya mezani inayozungumza, kukumbusha dawa na kuwachezesha michezo ya kuchangamsha akili.

Hatuzibezi. Mashine haichoki wala haikemei, na wengi wetu hukemea. Lakini kadiri kumbukumbu za bibi zinavyopungua, ndivyo anavyorejea kwenye Kihaya cha utotoni mwake. Mashine ya kumjibu kwa lugha hiyo hatukuiona Kanazi, na mjukuu mwakani anakwenda masomoni Dar es Salaam.

Qur'ani imetutanabahisha katika Suratun Nahl, aya ya 70, kwamba wapo watakaofikishwa umri wa kutojua walichokuwa wakikijua. Na Suratul Israa, aya ya 23, inatukataza hata kuwaguna wazazi wetu.

Basi tuanze na tuliyo nayo. Kusahau huku si uchawi wala laana. Mzee apelekwe hospitali. Watoto walio mbali wapange zamu za kumpigia simu kila siku, kwa Kihaya. Majirani nao wasiachwe nyuma: huko Nshamba, wilayani Muleba, shirika la Kwa Wazee limekuwa likiwasaidia wazee kwa pensheni tangu mwaka 2003, na kuwakutanisha katika vikundi vya kusaidiana.

Tulipoaga, adhana ya Alasiri ilikuwa ikisikika. Bibi akauliza tena kama tumeswali.

"Bado, bibi," mjukuu akamjibu, akimshika mkono. "Twende tukatawadhe."