Usiulize "Iko Aje?"

Kama unaanza kudizaini na umepata mteja wa kwanza, usitume logo kwa grupu ya mabeste ukiuliza, "Iko aje?" Watakuambia "moto!" juu wanakupenda. Lakini si wao watakaoibandika dukani.

Mimi nauliza mtu asiyenijua. Logo ya mama muuza samaki naipunguza hadi saizi ya picha ya profaili ya WhatsApp, namwonyesha mtu wa boda kwa sekunde tatu, kisha naificha. "Huyu anauza nini?" Akisema viatu, hayo ndiyo maoni, hata yakiniuma. Halafu naiprinti nyeusi na nyeupe, juu risiti haina rangi. Ikipotea hapo, narudi kuichora.

Na mteja asipoipenda mara moja, tulia. Mwaka 1971, Carolyn Davidson, mwanafunzi huko Marekani, alilipwa dola 35 kwa alama ya Nike. Phil Knight, mmoja wa waanzilishi, hakuipenda sana mwanzoni. Leo hata watoto wa mtaa wetu wanaijua.

Mama hakulipi ili usifiwe. Anakulipa ili mtu aliyeonja samaki wake Jumatatu aweze kumpata tena Ijumaa.