Pini Tisa

Msomaji kijana, vitu viwili vikifanana kwa sura, moyo huvidhani kuwa ni kimoja. Kosa hili nalilitenda mimi, mwalimu niliyefunzwa chuoni, mbele ya mwanafunzi wangu. Nami nakusimulia ili upate faida bila ya hasara.

Jioni moja mwanafunzi huyo alinialika kwao, Mji wa Kale wa Mombasa, karibu na Ndia Kuu, mwendo mfupi toka Ngome ya Yesu. Alikuwa na mashine ya michezo ya Sega Mega Drive, aina iliyotokea Japani mwaka 1988, aliyoachiwa na marehemu babake. Kwa kibao cha Arduino, ambacho ni kompyuta ndogo mno, alikuwa akiunda kidhibiti chake mwenyewe cha kuchezea. Alitaka kibao kipate umeme katika mlango ule ule wa mashine kinamochomekwa kidhibiti. Shauri lilikuwa jema: mlango hutoa volti 5, na kibao hutumia volti 5, tena mahitaji yake ni haba, yapata miliampea 50.

Mlango huo una pini tisa. Mimi nilihifadhi mpango wa Atari 2600, mashine ya mwaka 1977, ambayo mlango wake una umbo lilo hilo. Humo pini ya 7 huleta umeme, na ya 8 huurudisha. Kijana akauliza kwa adabu, "Mwalimu, tusipime kwanza?" Mita ilikuwa mkobani mwangu. Nikamjibu, "Mwanangu, pini hizi nazijua."

Taa ya kibao ikamulika kwa unyonge, kisha ikazimika. Tulipochomeka kidhibiti cha zamani, vitufe vya B na C viliitika, lakini A na Start vilikuwa bubu. Kumbe katika Sega umeme hutoka pini ya 5. Pini ya 7 ni ya amri tu: kwayo mashine huchagua kundi la vitufe itakalolisoma. Nalikuwa nimemtwika karani mzigo wa hamali, na mgongo wake ukavunjika.

Kijana hakunena neno. Aliifuta vumbi mashine ya babake kwa kiganja, polepole, hata nikatamani anilaumu. Nilimwomba radhi. Kesho yake tuliupima pamoja mlango wa pili, pini baada ya pini, na mita ikaonyesha volti 5 katika pini ya 5. Kibao kikawaka, na taa yake ikasimama imara. Lakini mlango wa kwanza haukupona.

Msomaji wangu, kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuulizwa swali la haki ukalijibu kwa cheo chako. Siku hizi mita yangu haikai mkobani, hukaa juu ya meza ya darasa, na kila mwanafunzi ana ruhusa ya kuniambia, "Mwalimu, tupime."