Kutoka Ziwa Tanganyika mpaka Bahari Kubwa

Siku moja tulisimama karibu na Kalemie, mahali ambapo mto Lukuga hutoka katika Ziwa Tanganyika. Tulikuwa pamoja na wanafunzi wachache, tukawauliza: «Maji haya yaenda wapi?» Mmoja akajibu: «Yaenda porini.» Mwingine akasema: «Yaenda Kabalo.» Mzee mmoja aliyekuwa akiosha baiskeli yake akacheka, akasema: «Yakiisha kupita Kabalo, baba, si maji yetu tena.»

Neno la mzee yule lilikaa moyoni mwetu. Nchi ya Kongo ina kilometa za mraba zaidi ya 2,300,000, na wengi wetu twajua parokia yetu na soko la jirani tu. Yaliyo mbele ya hapo twayahesabu kuwa ya wageni. Basi leo tuyafuate maji hayo mpaka mwisho wake, tuone kama mzee alisema kweli.

Lakini kabla ya kuondoka, shikeni jambo hili moja. Mto wetu ni mpana na mtulivu mahali pengi, lakini mara kwa mara mawe huukata. Mawe yanapoanza, mashua husimama na mizigo hushushwa. Mawe yanapoisha, mashua hupakiwa tena. Hapo ndipo ilipokua miji yetu mingi.

Ziwani

Ziwa Tanganyika lina urefu wa karibu kilometa 670, na kina chake chafika meta 1,470. Katika dunia nzima ni ziwa moja tu, Baikal la Urusi, lililo na kina kuupita huo. Kusini ya Kalemie, ufukoni, kuna Mpala. Boma lake lilijengwa na Bwana Storms mwaka 1883, na mwaka 1885 likakabidhiwa Mapadri Weupe. Watu waliowakimbia wawindaji wa watumwa walipata kimbilio katika misioni za pwani ile, wakilindwa na Kapteni Joubert, aliyekuwa zamani askari wa Baba Mtakatifu. Kapteni huyo alioa na kuzeeka katika nchi ile, akafa mwaka 1927.

Mbele zaidi, juu ya bandari ya Moba, ni Kirungu, iliyoitwa zamani Baudouinville. Hapo, tarehe 21 Julai 1917, Stefano Kaoze alipewa upadri, mwana wa kwanza wa Kongo kuupata tangu Injili ilipoletwa upya katika nchi yetu.

Turudi Kalemie. Mto Lukuga una mawe mengi, mashua hazipiti. Kwa hiyo ilijengwa njia ya gari la moshi ya kilometa 273 mpaka Kabalo, ikamalizika mwaka 1915. Karibu na Kabalo maji ya ziwa letu huingia katika Lualaba, nayo yashika njia ya kaskazini.

Njia ya Lualaba

Baada ya Kabalo ni Kongolo, na chini ya Kongolo mto hubanwa kati ya majabali. Wasafiri wa zamani walipaita pale Milango ya Jehanamu. Hapo tena ilipasa kujenga reli, kilometa 355 mpaka Kindu, nayo ikafika mwaka 1911.

Mkristu hawezi kupita Kongolo bila kusimama kidogo na kuvua kofia yake. Tarehe 1 Januari 1962, siku ya Mwaka Mpya, wamisionari 20 wa Shirika la Roho Mtakatifu waliuawa pale na askari. Walikuwa walimu wa watoto na wahudumu wa roho za watu.

Kati ya Kongolo na Kindu ziko Kasongo na Nyangwe. Enyi wanafunzi, mkisoma gazeti hili kwa Kiswahili, kumbukeni majina hayo mawili. Kiswahili kilifika huku kutoka pwani ya mashariki pamoja na misafara ya biashara, ya pembe za ndovu na ya watumwa, wakati wa akina Tippu Tip. Mwaka 1871, Livingstone aliona kwa macho yake watu wakipigwa risasi katika soko la Nyangwe, na wengine wakizama mtoni walipokimbia. Wengi wao walikuwa wanawake waliokuja kuuza vitu vyao. Lugha iliyofuata minyororo ndiyo ambayo baadaye mama zetu walitufundishia Baba Yetu. Mungu ajua kutoa chakula katika shamba la miiba.

Kisangani na mto mkubwa

Kutoka Kindu mashua huelea tena mpaka Ubundu, na hapo yaanza maporomoko saba ya Boyoma. Reli ya kilometa 125, iliyomalizika mwaka 1906, huyazunguka mpaka Kisangani. Penye poromoko la mwisho wanakaa Wagenya. Husimika miti mikubwa kati ya mawe, huifunga kwa kamba za porini, na kutundika humo vikapu virefu mfano wa baragumu, maji yakisukuma samaki ndani. Wajenzi wa reli walitafuta njia ya kuyakwepa maporomoko. Wagenya walikuwa wamekwisha kuyafanya shamba lao.

Chini ya Boyoma, Lualaba huitwa Kongo. Na hapa tutoke kidogo mtoni, twende kaskazini-mashariki mpaka Isiro, penye kaburi la Mwenyeheri Anuarite. Sista huyo aliuawa tarehe 1 Desemba 1964 kwa sababu alikataa kuivunja nadhiri yake ya usafi. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenyeheri huko Kinshasa, tarehe 15 Agosti 1985.

Toka Kisangani mpaka Kinshasa ni kilometa 1,700 na zaidi za maji bila poromoko. Baba na mama hulala juu ya magunia majuma mazima, hupika, huuza samaki mkavu, na mara nyingine mtoto huzaliwa njiani. Mashua zilizojazwa kupita kiasi zimeangamiza jamaa nyingi; atakayesafiri akumbuke kwamba roho haina bei ya tikiti.

Katikati ya safari hiyo ni Mbandaka, karibu kabisa na mstari wa ikweta. Katika nchi hiyo alibatizwa mwaka 1906 kijana mwashi, Isidore Bakanja. Bwana wake wa kazi aliamuru apigwe mijeledi kwa ajili ya skapulari ya Bikira Maria aliyoivaa. Akafa kwa madonda hayo mwaka 1909, akiwa amemsamehe. Alitangazwa Mwenyeheri mwaka 1994.

Mawe ya mwisho

Huko Kinshasa mto hupanuka kama ziwa, na ng'ambo waonekana mji wa Brazzaville. Kisha mawe huanza tena, makali kuliko yote. Reli ya kilometa 366 toka Matadi ilijengwa miaka minane, 1890 mpaka 1898. Hesabu zilizoandikwa zataja Waafrika 1,800 na Wazungu 132 waliokufa katika kazi hiyo. Wengine walitoka Senegali, Sierra Leone, Zanzibar, hata China. Mtu akila mkate wa unga uliopanda kutoka Matadi, awaombee.

Jina la Matadi ni la Kikongo, maana yake «mawe». Karibu na mji huo ni Inga, ambapo nguvu ya maporomoko imefungwa kwa mabwawa ya mwaka 1972 na 1982 ili kutoa umeme. Juu ya mto hupita daraja kubwa lililofunguliwa mwaka 1983. Baadaye ni Boma, mji mkuu tangu 1886 mpaka miaka ya 1920, penye kanisa dogo la chuma lililoletwa vipande vipande kutoka Ubelgiji. Mwisho ni Banana na Muanda, na bahari. Pwani yetu haifiki kilometa 50, lakini ni mlango wa nchi nzima.

Huko, wapendwa, maji ya Lukuga huingia baharini, yakiwa yamechanganyika na ya Kasai, ya Ubangi na ya mito mingine mingi. Hakuna awezaye kuyatenga tena na kusema: haya ni ya Kalemie, haya ni ya Mbandaka.

Reli za kale zimechakaa, na vita vimewatenga ndugu. Ndiyo sababu neno la mzee yule hutuumiza. Mtu akisema «si yetu tena», kesho atasema pia «si ndugu zetu tena». Tulipopita Kalemie kwa mara ya pili tulimkuta mzee, tukamwonyesha njia ya maji katika ramani, kwa kidole, mahali kwa mahali. Akatazama kimya kwa muda mrefu. Kisha akamwita mjukuu wake, akamwambia: «Njoo uone mahali maji yetu yanapokwenda.»

Ninyi nanyi, wazazi, tafuteni ramani, mketi jioni na watoto wenu, mfanye vivyo hivyo.