Mteremko hushukwa kwanza akilini

Sisi tuliozaliwa katika nchi za joto, theluji tunaijua kwa kuisikia, au kwa kuitazama kwa mbali ile ya kileleni Kilimanjaro. Hata hivyo, katika mchezo wa kuteleza juu ya theluji tumeona funzo linalozifaa familia zetu.

Katika mbio za slalomu, mchezaji hushuka mlima kwa kasi akipenya baina ya vijiti vilivyosimikwa njiani. Haruhusiwi kuijaribu njia hiyo kabla ya mashindano. Hupewa muda mfupi tu wa kuikagua polepole. Hivyo hana budi kuihifadhi kichwani. Akisubiri zamu yake hufumba macho, na mikono ikamwenda huku na huko, akipita kila kona kwa fikra. Asiyejua atadhani amerukwa na akili, kumbe yumo kazini.

Kazi hiyo ina athari mwilini. Mwanasaikolojia Richard Suinn, aliyewahudumia wanamichezo wa theluji wa Marekani katika Olimpiki ya mwaka 1972, alimpima mchezaji aliyetulia huku akiwaza anashuka. Misuli yake ilitoa ishara za umeme zilizofuatana na maumbile ya mteremko.

Mwaka 2014, mjini Sochi, Mikaela Shiffrin wa Marekani, akiwa na umri wa miaka 18, aliyumba katikati ya mkondo wa pili, mguu mmoja ukainuka hewani. Hakuanguka, alijirekebisha akatwaa dhahabu. Baadaye alieleza kuwa mashindano yale alikwisha kuyapitia akilini mara nyingi mno.

Lakini taswira hii ina masharti. Mchezaji huwaza kwa mwendo ule ule wa mbio zenyewe, akihisi baridi usoni na uzito miguuni. Huwaza pia kuyumba, na namna ya kusimama tena. Anayejiona akianguka tu hujidhuru, na anayewaza bila kufanya mazoezi hafiki mbali.

Hapa ndipo jambo linapotugusa wazazi. Watoto wengi hutoka nyumbani siku ya mtihani wakiwa wameambiwa, “Angalia usije ukatuaibisha.” Aibu hiyo ndiyo taswira wanayoingia nayo chumbani.

Binti yetu wa miaka kumi hukaukiwa na sauti kila asimamapo mbele za watu, na mwezi ujao atasoma risala ya wanafunzi katika hafla ya madrasa. Kila usiku, baada ya kuisoma kwa sauti, tunamwomba afumbe macho atueleze: anapanda jukwaani, anashika kipaza sauti, anatamka sentensi ya kwanza. Kisha tunamuuliza, “Ukisahau mstari je?” Juzi alijibu, “Nitavuta pumzi, nitazame karatasi, niendelee.” Wiki iliyopita swali hilo lilimliza. Tunaendelea naye, na matokeo tunamwachia Mwenyezi Mungu.